Kitabu cha Majina ya Nchi Yetu

Huko kwetu Kiambere, upande wa Mbeere unaotazama Mto Tana, jina moja halimtoshi mtu. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mabinti nao hupewa majina ya nyanya zao kwa kawaida iyo hiyo. Kwa sababu hiyo majina hayafi, bali huzunguka kizazi baada ya kizazi, na siku ya soko ukipaza sauti na kuita "Ireri!" watageuka wanaume kumi. Ndiyo maana watu husema Ireri wa Njiru. Na ikiwa akina Njiru nao ni wengi, hutajwa babu, kisha ukoo, kisha kilima wanakokaa, hata apatikane Ireri mmoja tu asiyeweza kuchanganywa na mwingine.

Nimeanza na jambo hili la nyumbani kwa sababu wakati wa likizo mmoja alinijia kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa hufuga nyuki pamoja na wenzake kumi na wawili. Walikuwa wamekwisha kupata mizinga ya kisasa, na asali yao ilianza kuulizwa na watu wa Embu mjini na hata wa Nairobi. Baada ya kuamkiana na kuulizana habari za jamaa, akanieleza haja yake. "Mwalimu," alisema, "tunataka jina letu katika intaneti. Nimeambiwa majina hayo huuzwa. Basi nieleze: anayeuza, yeye aliyapata kwa nani?"

Nilikiri moyoni kwamba hilo ni swali la mwanahistoria, na kwamba wengi wanaonunua majina hayo kila siku hawajapata kuliuliza. Yafuatayo ndiyo niliyomjibu, ila hapa nimeyapanga vizuri kuliko nilivyoweza kuyapanga siku ile chini ya mwembe.

Kila kompyuta iliyoungwa katika mtandao ina namba yake, kama vile kila simu ilivyo na namba. Kompyuta hutafutana kwa namba hizo, wala hazina haja ya jina. Anayehitaji jina ni mwanadamu, kwa kuwa kichwa cha mwanadamu ni kizito kwa tarakimu na chepesi kwa maneno. Basi sharti pawe na kitabu mahali fulani, kinachosema kwamba jina hili ni la namba hii. Asiyeandikwa katika kitabu hicho, hata awe na mali ya namna gani, hajulikani. Naye akiandikwa vibaya, wageni wake watapotelea kwa jirani.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kidogo. Katika miaka ya 1970, mtandao uliotangulia intaneti ulikuwa na kompyuta chache za vyuo vikuu na za jeshi la Marekani, na majina yake yote yalitunzwa katika orodha moja huko Menlo Park, California, katika ofisi iliyoongozwa na mwanamke aitwaye Elizabeth Feinler. Mwenye kompyuta mpya alipeleka habari kwa ofisi hiyo, jina likaandikwa, na wenzake wote wakachukua nakala mpya ya orodha. Kazi ilikwenda sawasawa maadamu kompyuta zilihesabika. Ziliposhika mamia na kuongezeka kila mwezi, orodha ilirefuka, nakala zikapitwa na wakati kabla hazijafika, na watu wawili wa mbali wakataka jina moja.

Mwaka 1983 mtaalamu Paul Mockapetris, aliyekuwa katika taasisi moja ya Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa shauri ambalo mzee yeyote wa Mbeere angelielewa mara moja. Badala ya kitabu kimoja cha majina yote, pawe na vitabu vingi, kila kimoja na mtunzaji wake, navyo vifuatane kama ukoo na watoto wake. Kitabu cha juu kabisa hakijui jina la kila mtu. Chajua tu koo kubwa na mahali vitabu vyao vilipo. Kitabu cha ukoo nacho hujua nyumba zake tu, na nyumba hujua watoto wake. Eneo la kila mtunzaji huitwa kikoa, na jina linaloandikwa humo ni jina la kikoa. Jina kamili husomwa kutoka kulia kwenda kushoto: katika anwani ya shule inayomalizika kwa sc.ke, herufi ke ni ukoo, yaani Kenya. Sc ni nyumba ya shule. Na neno linalotangulia ni jina la shule yenyewe. Ni Ireri wa Njiru wa ukoo fulani, tena kwa mpangilio uleule.

Ikabaki swali la koo kubwa. Baadhi yake hazikufuata nchi, kama ile ya com iliyokusudiwa kwa biashara, ambayo jina lake la kwanza liliandikwa Machi 1985. Lakini nchi nazo zilitaka majina yao. Nani basi angeamua ipi ni nchi na ipi siyo? Mtu aliyeshika kitabu cha juu wakati huo, Jon Postel, alikuwa mwanachuoni mwenye ndevu ndefu na busara nyingi, naye alikataa kujitwika mzigo huo. Alichukua orodha iliyokuwa imekwisha kutengenezwa na shirika la viwango la kimataifa, ambamo kila nchi ina herufi zake mbili, akaifuata. Kenya ilikuwa KE, Tanzania TZ, Uganda UG. Zaire ilikuwa ZR. Na nchi hiyo ilipobadilishwa jina mwaka 1997, ilipewa herufi CD, na mwaka 2001 zile za zamani zikafutwa, majina yaliyokuwa chini yake yakafa pamoja nazo. Hata Tuvalu, visiwa vidogo vya bahari ya Pasifiki, vilipata herufi TV kwa bahati tu, na kwa kuwa ulimwengu mzima hupenda herufi hizo kwa ajili ya televisheni, serikali ya huko imekuwa ikipata fedha nyingi kwa kuzikodisha. Bahati ya namna hiyo haikutuangukia.

Herufi KE zilitolewa rasmi tarehe 29 Aprili 1993. Napenda wasomaji waifikirie vizuri Kenya ya mwaka huo. Simu za mkononi hazikuwapo isipokuwa kwa matajiri wachache mno. Mazungumzo ya ng'ambo yalipita katika kituo cha setilaiti cha Longonot, na bei yake iliwatisha hata wenye maduka makubwa. Waliotumia baruapepe walikuwa watu wa vyuo na mashirika, na barua zao zilikwenda kwa mafungu: kompyuta moja Nairobi ilipiga simu nje kwa saa maalumu, ikakabidhi barua zilizokusanyika, ikapokea nyingine, kisha ikakata kabla gharama haijapanda. Katika nchi ya namna hiyo, nani angeshughulika na kitabu cha majina? Serikali haikukiomba. Nadhani haikujua kwamba kipo.

Waliokishika walikuwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mkenya, Dkt. Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa intaneti nchini, na ambaye mwaka 1997 alichaguliwa kuwa mbunge wa Rangwe. Yeye aliandikwa kuwa msimamizi. Wa pili alikuwa Randy Bush, fundi wa Marekani ambaye aliitunza mitambo yenyewe kutoka kwao, kama alivyozisaidia nchi nyingine za Afrika zilizokuwa bado hazina uwezo huo. Mambo yalikwenda kwa kuaminiana. Yafaa wasomaji vijana wasiwacheke watu hawa wala wasiwalaumu upesi, maana bila wao herufi zetu zingelala kabatini miaka mingi. Lakini jambo lenyewe ndilo hili: Kenya ilikuwa na jina, na kitabu kilichosema nani anaitwaje ndani ya Kenya kilikuwa juu ya meza ng'ambo ya bahari.

Yeyote aliyekulia Mbeere ajua uzito wa kitabu cha namna hiyo. Upimaji na uandikishaji wa mashamba ulichelewa kufika kwetu kuliko sehemu za juu za Embu zenye kahawa na majani ya chai, na ulipofika ulizaa kesi za ukoo dhidi ya ukoo ambazo baadhi yake zilidumu maisha ya mtu mzima. Watu walioishi pamoja tangu zamani bila kuulizana mipaka walijikuta wakishuhudia dhidi ya wenzao, kwa sababu walikwisha kufahamu kwamba shamba si tena la anayelilima bali la aliyeandikwa. Kisha bwawa la Kiambere likaja, ambalo lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, nao waliokaa bondeni wakahama kuyapisha maji. Katika mambo hayo yote mawili, karatasi ilikuwa na nguvu kuliko kumbukumbu.

Turudi kwenye habari yetu. Kati ya mwaka 1994 na mwisho wa miaka hiyo, biashara ya intaneti ilichipuka Nairobi. Africa Online ilianzishwa na vijana watatu wa Kenya waliokuwa wakisoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Kampuni nyingine zikafuata, na mwaka 1998 shirika la posta na simu likajenga njia yake kuu ya intaneti iliyoitwa Jambonet. Sasa magazeti, benki, mahoteli na vyuo vikataka majina. Neno lililokuwa la wataalamu wachache likawa haja ya watu wengi, na watu wengi hawapendi kungoja.

Wakati huohuo tukio lingine liliwafumbua macho wenye kampuni hizo. Mtu wa Nairobi alipomwandikia barua jirani yake wa mtaa wa pili, aliyehudumiwa na kampuni nyingine, barua ile ilipanda kwa setilaiti, ikafika Marekani au Ulaya, ikageuka, ikashuka tena Nairobi. Na safari hiyo ililipiwa kwa fedha za kigeni kwenda na kurudi. Kampuni zikaungana, zikajenga kituo cha kubadilishana mizigo hapahapa nyumbani, kikafunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000. Hakikupata hata mwezi. Kampuni ya simu ya taifa, iliyokuwa na haki ya peke yake juu ya mawasiliano ya nje, ililalamika, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kifungwe. Walishindana kwa hoja na sheria zaidi ya mwaka mzima, hata kikafunguliwa tena kwa leseni mapema mwaka 2002. Nimekitaja kituo hiki kwa sababu ugomvi wake uliwafundisha watu wa serikali na watu wa biashara kuketi katika chumba kimoja, na somo hilo lilihitajiwa mara moja katika shauri la kitabu cha majina.

Kulikuwa na njia tatu. Kitabu kingeweza kubaki mikononi mwa watu binafsi, kama ilivyokuwa Uganda, ambako kwa miaka mingi herufi UG zilisimamiwa na kampuni ya mtu binafsi mjini Kampala. Kingeweza kutwaliwa na serikali kuwa idara yake. Au kingeweza kukabidhiwa chombo kipya ambacho serikali imo, wafanyabiashara wa intaneti wamo, na vyuo na watumiaji wamo, bila mmoja wao kuweza kukibeba na kwenda nacho kwake. Wakenya walichagua njia ya tatu. Mwaka 2002 iliundwa kampuni ya KENIC, ambayo maana ya jina lake ni kituo cha habari za mtandao wa Kenya. Ni kampuni kwa sheria, lakini haina wenye hisa wa kugawana faida.

Hata hivyo, kuunda kampuni si kupata kitabu. Kitabu cha juu wakati huo kilikuwa chini ya ICANN, shirika lililoundwa California mwaka 1998, mwaka uleule aliofariki Postel. Postel mwenyewe alikuwa ameacha mwongozo, ulioandikwa Machi 1994, ambao kwa maoni yangu wapaswa kusomwa na kila mwenye cheo. Alieleza kwamba anayeshika herufi za nchi ni mdhamini tu, na kwamba ugomvi juu ya haki na umiliki haufai. Linalofaa kuulizwa ni wajibu na utumishi kwa jamii. Basi Wakenya walitakiwa kuonyesha kwamba jamii yao ya intaneti imekubaliana. Walionyesha, na Desemba 2002 hukumu ikatoka kwamba KE ikabidhiwe KENIC. Mwezi huo macho ya nchi nzima yalikuwa kwenye uchaguzi mkuu wa tarehe 27, ambao uliondoa chama kilichokuwa kimetawala tangu uhuru. Watu wangapi walitambua kwamba jambo jingine nalo lilikuwa limebadilika mikono? Mwaka 2003 KENIC ikaanza kazi Nairobi.

Majirani walikuja njia iyo hiyo kwa nyakati zao. Watanzania waliunda chombo chao, tzNIC, mwaka 2006, nacho kikapokea herufi TZ mwaka 2010. Rwanda ilikawia zaidi: herufi zake zilishikwa na mtu wa Ulaya hata mwaka 2012, ndipo zikarudi Kigali.

Mwanzoni KENIC ilikuwa kama duka la jumla lenye wateja wachache. Mpango wake ni huu. Kampuni yenyewe hukitunza kitabu, yaani masijala, lakini haikai dirishani kuwauzia watu majina mojamoja. Huwapa leseni mawakala, ambao ni kampuni nyingi kubwa na ndogo; mnunuzi huenda kwa wakala ampendaye, wakala huuliza masijala kama jina li wazi, na likiwa wazi huandikwa mara moja kwa muda wa mwaka au zaidi. Jina halinunuliwi milele. Hukodiwa, na kila mwaka ukifika hulipiwa upya. Nyumba ndani ya ukoo ni kadha wa kadha: co kwa biashara, or kwa mashirika, ac kwa vyuo, sc kwa shule, go kwa serikali, na nyinginezo. Baadhi ziko wazi kwa kila mtu. Nyingine, kama ile ya serikali, huwezi kuingia bila hati za kuthibitisha wewe ni nani.

Mambo mawili ya nje ya masijala yaliikuza kuliko tangazo lolote. La kwanza ni M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Kabla yake, kulipia jina kulitaka hundi, au kadi ya benki ambayo mwalimu wa kawaida hakuwa nayo. Baada yake, mtu aliye Kiambere aliweza kulipa akiwa amesimama njiani. La pili ni nyaya za chini ya bahari. Mwaka 2009 waya wa SEACOM na ule wa TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti, iliyokuwa ikishuka kutoka angani matone kwa matone, ikaanza kuja kama maji ya mfereji. Mwaka uliofuata, Machi 2010, ICANN yenyewe ilifanya mkutano wake Nairobi, na wageni kutoka pande zote za dunia wakaja katika mji ambao miaka minane kabla ulikuwa ukiomba kupewa kitabu chake.

Si kwamba safari ilikuwa laini. Katika Aprili 2013, watu waliofungua ukurasa wa Google wa Kenya walikuta maandishi ya mvamizi wa mtandaoni. Nyumba ya Google haikuvunjwa. Kilichoguswa ni kitabu, kwa kuandikwa namba nyingine mbele ya jina lilelile, na wageni wakapelekwa kwingine bila kujua. Niliwaeleza wanafunzi wangu wa chuoni siku zile kwamba mwizi hodari hahami na nyumba yako, hubadilisha tu kibao cha njia panda. Tangu hapo, nadhani, hakuna aliyeweza kudai kwamba kutunza majina ni kazi ya karani tu.

Mwaka 2017 mlango mwingine ulifunguliwa: mtu akaweza kuandikwa moja kwa moja chini ya ke, bila kupitia co au nyumba nyingine. Jina likawa fupi, ingawa bei yake ilikuwa juu zaidi. Katika miaka ya karibuni majina yaliyoandikwa chini ya KE yamepita laki moja. Je, ni mengi? Kwa kulinganisha na meza ya mwaka 1993, ni mengi sana. Lakini Afrika Kusini ina zaidi ya milioni moja chini ya herufi zake, na ile ya com ina zaidi ya milioni mia moja na hamsini, ambamo bila shaka wamo Wakenya wengi. Mfanyabiashara wetu akiona com hudhani ni heshima, na akiona ke hudhani ni jambo la nyumbani lisilofika mbali. Sikubaliani naye. Anayelipia com hupeleka ada yake nje kila mwaka, na siku ya ugomvi atatafuta haki yake nje vilevile. Hata hivyo simwiti msaliti; kila mtu huenda sokoni anakodhani wateja watamwona.

Lakini kuna hatari iliyo karibu zaidi, nami naieleza kwa sababu niliiona kwa macho yangu. Shule moja niliyopata kufundisha, ambayo sitaitaja, ilimwajiri kijana fundi aitengenezee tovuti. Alifanya kazi nzuri. Matokeo ya mitihani yaliwekwa humo, picha za wanafunzi wa zamani zikawekwa, wazazi walio mbali wakafurahi. Baada ya miaka mitatu fundi na shule walikosana juu ya malipo, naye akaenda zake. Mwaka ulipoisha hakuna aliyelipa ada, kwa maana hakuna aliyejua kwamba kuna ada. Mwalimu mkuu alipopeleka malalamiko kwa wakala, aliulizwa swali moja tu: jina limeandikwa kwa nani? Likatazamwa kitabuni, likaonekana liliandikwa kwa fundi, kwa baruapepe ya fundi na namba ya simu ya fundi. Shule ilikuwa imeliita jina lake kwa miaka mitatu, na haikuwa yake hata siku moja. Lilipokwisha kuachwa wazi, mtu mwingine alilichukua, na kwa muda mrefu mzazi aliyelifungua kutafuta habari za karo alikuta matangazo ya mchezo wa kamari. Baada ya hapo shule ilijipatia jina lingine, refu na baya, lenye tarakimu mbili mwishoni.

Habari hii nilimsimulia kijana wa nyuki mwisho wa mazungumzo yetu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ningekubali tulitafute jina siku ileile. Tukakaa karibu na simu yake, kwa kuwa mimi yangu ilikuwa imekwisha chaji. Jina la kwanza walilolitaka lilikuwa limechukuliwa na watu wa kaunti nyingine. La pili nalo halikupatikana. La tatu, lenye jina la kilima chetu, lilikuwa wazi, kwa bei isiyofika nusu ya mbuzi. Karatasi ya wakala ikafunguka katika kioo cha simu, ikiwa na nafasi za kujaza.

Mahali pa mwenye jina, kijana aliandika jina lake mwenyewe, upesi, kwa mazoea. Kisha akaacha. Akaitazama simu, akanitazama mimi, wala sikusema neno. Alifuta herufi moja baada ya nyingine, akampigia mwenyekiti wao, kisha mweka hazina, mama mmoja mwenye maduka karibu na njia ya bwawa, akawauliza jina kamili la kikundi kama lilivyo katika cheti chao. Mweka hazina alitaka kujua kwanza kama ada ni ya mara moja au ya kila mwaka. Alipojibiwa, alisema ataliandika katika daftari la kikundi pamoja na ada ya dawa ya mizinga, ili mwaka ujao asisahau mtu.

Ujumbe wa malipo uliingia jua likiwa limekwisha kushuka nyuma ya vilima. Upande wa bwawa taa zilikuwa zimekwisha kuwaka.